Utulizo wa Bi Tupokigwe

Watu sita walikuja kumzika Mwalimu Mwambene, na wawili kati yao walikuwa wamevutwa mkono na Bi Tupokigwe. Mvua ya Rungwe ilikuwa imekatika, lakini migomba ilikuwa bado inadondosha matone. Mashine ya kuchimba, ileile ambayo kata iliitumia kwa mitaro ya maji, ilikuwa imesimama kando, koleo lake limejaa udongo mweusi, ikingoja kuambiwa ifukie.

Asajile alifika wimbo ukiwa katikati. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na minane, mwenye kitambi kidogo na beji ya Idara ya Wasaa kifuani, na hakuja kuzika. Alikuja kumchukua mama yake. Simu ilikuwa imemlilia mara tatu kule ofisini: alama ya Tupokigwe Mwaisumo, miaka sabini na sita, imeshuka hadi thelathini na moja.

Alisimama nyuma akangoja. Mama yake ndiye aliyekuwa anaanzisha. Alitoa mstari kwa sauti nyembamba, iliyochakaa, wenzake wakajaribu kuupokea, ukawafia mdomoni, naye akauchukua tena peke yake akaumaliza. Alipofika mwisho alikuwa analia waziwazi, machozi na kamasi, wala hakujifuta. Kisha akageuka, akamwona mwanawe.

"Umekuja kuzika au umekuja kunikamata?"

"Mama, twende nyumbani. Umelowa."

"Chota udongo kwanza, utupie. Huyu ndiye aliyekufundisha kusoma."

Asajile akachota udongo kiganjani, akatupia. Chini ya mtulinga, ndani ya ngozi, alihisi punje yake ikitetema kama inzi aliyenaswa kwenye kopo. Alama yake nayo ilikuwa inashuka.

Kila mtu katika kata ya Nsyenga alikuwa na punje, ndogo kama ulezi, nayo ilisoma damu, mapigo ya moyo na usingizi, ikatoa hesabu kutoka sifuri hadi mia: hivi ndivyo ulivyo na furaha saa hii. Ilianza baada ya mashine kuchukua kazi ya chai. Watu walibakiwa na saa tatu za kazi kwa siku, na zilizosalia zote wakapewa wasaa, na wasaa ukaanza kuwaua. Wapo waliokunywa, wapo waliolala kitandani mpaka mgongo ukaota vidonda. Baba yake Asajile alikunywa kwa miaka sita, akafa akiwa na miaka hamsini na mmoja, bila kuugua kitu kingine chochote.

Ndipo Idara ikafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Ilizipima saa za watu milioni tatu, saa moja moja, ikaona ni lipi linalompandisha mtu na lipi linalomshusha. Tangu hapo simu ya kila mtu ilimwamsha na ratiba: leo saa tatu bwawa, saa sita ufinyanzi pamoja na fulani na fulani, saa tisa matembezi njia ya mtoni. Hukulazimishwa. Ila ukifuata, unapata nafuu kweli. Watu waliacha pombe wenyewe. Asajile alikuwa na miaka ishirini na minne wakati huo, na aliapa kwamba ataifanya kazi hiyo mpaka astaafu.

Chini kabisa ya orodha ya Idara, chini ya ugomvi wa mke na mume, chini ya jino bovu, palikuwa na msiba. Aliyekwenda kuzika alishuka, na kwa wastani alikaa huko chini siku kumi na moja. Kwa hiyo simu haikumpeleka mtu msibani. Haikukataza. Haikuutaja tu.

*

Mkaguzi kutoka mkoani alikuja Jumatatu. Jina lake Bi Orida Chengula, mwanamke mpole wa makamo, aliyemletea Asajile mfuko wa maparachichi kutoka kwao Njombe kabla hata ya kukaa.

"Kata yako iko sitini nukta mbili," alisema. "Ikikaa chini ya sitini kwa siku thelathini, inawekwa chini ya uangalizi. Maana yake unaijua."

Aliijua. Wazee wote waliozidi miaka sabini wangehamishiwa Nyumba ya Burudani, kule tambarare kwenye joto, mwendo wa siku nzima. Wangefurahi huko, na takwimu zilionyesha hivyo. Lakini Asajile hakuwahi kumwona hata mmoja aliyerudi.

"Mama yangu ni mtu mmoja," alisema. "Kata ina watu elfu nne."

"Angekuwa analia peke yake nisingekuja. Anapita milangoni, ndugu yangu. Mwezi huu amewatoa watu thelathini na wanane kwenye ratiba zao. Kila mmoja ameshuka, na wa nyumbani kwake wameshuka naye."

"Ni desturi. Kukiwa na msiba, watu huambiwa."

"Naijua desturi. Nimekulia misibani mimi." Bi Orida aliligeuza parachichi moja juu ya meza, akalitazama. "Mama yangu alipata utulizo miaka minne iliyopita. Sasa anafuma vikapu, anaimba. Nikienda, ananikumbatia. Zamani nikienda nilikuwa namkuta msibani kwa watu." Akalirudisha tunda mfukoni. "Mzazi akizidi sabini na tano, sheria inamruhusu mtoto kumtilia sahihi ya utulizo. Si lazima yeye akubali. Ila ningekuwa wewe, ningemwomba kwanza."

*

Alimkuta mama yake jikoni anamenya ndizi pamoja na Bi Kissa. Bi Kissa alikuwa jirani na rafiki yake wa miaka hamsini, mfupi, mwenye kifua kilichomsumbua tangu masika yaanze, aliyekohoa akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mumewe, Mzee Ambakisye, alikuwa amemsindikiza mpaka mlangoni kisha akarudi kwenye nyuki wake.

Asajile hakuzunguka. Alieleza yote: sitini nukta mbili, siku thelathini, tambarare. Kisha akaeleza utulizo.

"Kwa hiyo nitasahau," mama yake alisema.

"Husahau kitu. Watu utawakumbuka, misiba utaikumbuka, nyimbo utazikumbuka zote. Hamu tu ndiyo inakatwa. Utasikia fulani amefariki, na mguu hautakupeleka."

"Na nikifa mimi, mguu wa nani utakuja?"

"Wangu."

"Wewe utashika upande mmoja wa jeneza. Upande wa pili?"

Mama yake aliendelea kumenya, maganda yakianguka kwenye beseni. "Wazee walisema kifo cha wengi ni harusi," alisema. "Mimi nimeona cha mtu mmoja. Alipokufa baba yako walikuja watano, wengine walikuwa wamelewa au wamelala. Mnasema wasaa ulimuua. Sawa. Lakini siku zile za mwisho, kabla ya kufa, alikuwa anakaa pale dirishani anaangalia njia, kama kuna mtu atapita. Unalikumbuka hilo?"

"Nalikumbuka."

"Basi mimi ndiye ninayepita njiani. Wasaa wangu nautumia hapo. Sijawahi kusema unanifurahisha."

Bi Kissa alikohoa, akamshika mwenzake goti. "Mama Asajile, mtoto katumwa, usimkalie kooni. Lakini mimi nisemeje. Sitaki kufia tambarare. Ambakisye na nyuki zake utampeleka wapi kule? Wewe una mtoto, sisi hatuna wa kutusemea."

Bi Tupokigwe aliweka kisu chini. Alimtazama rafiki yake muda mrefu, na Asajile akaona kwamba maneno yale yamemwingia kuliko ya kwake yote.

"Sikubali," hatimaye alisema, akimgeukia mwanawe. "Lakini una uwezo wa kutia sahihi bila mimi. Basi usiniombe ruhusa ili upate usingizi. Ukitia, tia mwenyewe."

Alitia Alhamisi.

*

Utulizo ulifanyika zahanati, katika chumba chenye pazia la bluu. Mtaalamu alimvika Bi Tupokigwe kichwani pete pana, mfano wa ngata ya kubebea ndoo, akamweleza Asajile kama anavyomweleza kila ndugu: hamu ya mtu si kitu kimoja, ni nyuzi nyingi, na uzi haukatwi ukiwa umelala. Lazima uamshwe kwanza. Mtu atajiwe kile anachokitaka, uzi uwake, ndipo pete iuzime.

Kwa hiyo walimsomea misiba yake. Asajile ndiye aliyekuwa ameiandika orodha. Alikuwa amekaa nayo siku mbili, akiuliza huku na huku, na alidhani anafanya wema kwa kuiandika kwa usahihi.

Mtaalamu alianza na mumewe. Bi Tupokigwe akajikunja kitini, mkono ukaenda mdomoni, na kwenye kioo cha mashine uzi mwekundu ukawaka, ukazimika taratibu. Akaja mtoto wake wa kwanza, aliyefariki ana miezi saba. Alilia mpaka mabega yakatikisika, na safari hii uzi ulichelewa kuzimika. Wakaendelea. Mama mkwe. Dada yake, Anyisile. Mapacha wa jirani. Lilipofika jina la tisa alikuwa anafuta macho. Jina la kumi na nne, la Mwalimu Mwambene, lilipotajwa, aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza majina ya vituo vya basi. Mwisho wakampigia zile nyimbo. Kidole chake kikaanza kufuata mapigo juu ya mkono wa kiti, kwa raha tu.

Ilichukua dakika ishirini na mbili. Alipovuliwa pete alinyoosha mgongo, akatazama pazia.

"Bluu nzuri hii," alisema. "Asajile, lile bwawa mnaloliongelea, mtu asiyejua kuogelea anaruhusiwa?"

*

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa mizuri. Mama yake alijifunza kuelea chali. Alipaka rangi vyungu, akagundua kwamba ana mkono wa rangi, akacheka vichekesho ambavyo Asajile hakujua kama anavijua. Jioni walikula pamoja, jambo ambalo halikuwapo tangu utoto wake, kwa sababu jioni mama alikuwa daima yuko kwa watu. Alama yake ilipanda ikatulia sabini na nane, kata ikafika sitini na tatu, na Bi Orida akatuma ujumbe wa pongezi. Wazee wa Nsyenga walibaki Nsyenga. Asajile aliamka kila asubuhi akijisikia mwepesi, na mara nyingine alijisemea kwamba amemwokoa mzazi mmoja kati ya wawili.

Bi Kissa alifariki Juni, wakati wa baridi kali, kifua kilipomziba.

Asajile alimkuta mama yake barazani na chungu kati ya magoti. Alichuchumaa mbele yake ndipo akasema.

"Maskini," Bi Tupokigwe alisema. Brashi ilisimama kidogo tu. "Kifua kile. Tangu masika nilimwambia."

"Wanamzika kesho saa nane mchana."

"Saa nane nina bwawa." Hakuwa mkali. Alimtazama mwanawe kwa upole, kama anayetaka kujua ana shida gani. "Umepauka, baba. Hujala? Nisogezee ile ya kijani."

Alimsogezea. Alibaki amechuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, akimtafuta usoni, na uso haukuwa umeficha kitu. Ulikuwa uso wa mtu aliyelala vizuri.

*

Kaburini walikuwa watatu. Mzee Ambakisye, Asajile, na mpwa wa marehemu aliyetoka mjini, ambaye simu ilimwita kabla jeneza halijashuka, akaomba radhi kwa sauti ya chini, akaondoka. Jeneza lilishushwa na mashine.

Mzee Ambakisye alivaa koti jeusi lililomzidi. Alitazama njia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Tupokigwe yuko wapi?"

"Anaumwa, baba," Asajile alisema.

"Anaumwa nini?"

"Homa."

"Basi anzisha wewe. Asiende kimyakimya."

Asajile akaanzisha. Mstari wa kwanza aliujua, kila mtu aliyezaliwa pale aliujua. Mstari wa pili alikuwa ameusikia mara mia utotoni, amelala mgongoni kwa mama yake, lakini alipoufungulia mdomo haukuwepo. Akarudia wa kwanza. Mzee Ambakisye hakuweza kumsaidia, alikuwa analia. Akaurudia tena, mara ya nne, ya tano, mstari uleule, hadi mashine ikauliza kwa sauti yake ya kistaarabu kama sasa inaweza kufukia.

Punje ilimwonyesha ishirini na nane. Usiku ule na siku zilizofuata simu ilimpangia vitu vyake: bwawa, matembezi, kuimba kwaya za furaha na wenzake wa rika. Kila siku alijiambia kwamba leo atapita kwa mzee. Kila siku alifuata ratiba kwanza, ili apate nguvu za kwenda, na akishapata nguvu hakuona tena kwa nini aende.

*

Siku ya tisa, alasiri, Mzee Ambakisye alikuja mwenyewe. Alikuja na fimbo na chupa ya asali aliyoifunga kwa kitambaa.

"Ya mgonjwa," alisema. "Samahani nimechelewa kuja kumjulia hali. Nilikuwa na watu." Kisha akajisahihisha. "Nilidhani watakuja watu."

Kabla Asajile hajajibu, mama yake aliingia na taulo begani, nywele zina maji, anacheka peke yake jambo lililotokea bwawani. Alimwona mgeni, uso ukachangamka.

"Ambakisye. Karibu, karibu ndani. Pole kwa Kissa. Alikuwa mtu mzuri sana yule." Alilisema kwa moyo mweupe, kama mtu anayesifia shamba la jirani. "Ngoja nikuwekee chai."

"Tupokigwe," mzee aliita, naye akageuka. "Unaukumbuka msiba wa binti yetu? Wewe na Kissa mlilala nje siku sita."

"Nakumbuka vizuri. Kulikuwa na baridi. Tulichoma mabua." Alifikiri kidogo aone kama kuna lingine la kuongeza. Halikuwepo. Akaenda jikoni, wakamsikia anaimba huko, ule wimbo wa kaburini, mistari yote, mmoja baada ya mwingine, kwa mwendo wa haraka wa mtu anayesafisha vikombe.

Mzee Ambakisye alisikiliza mpaka mwisho. Asajile alisubiri alaaniwe. Alikuwa tayari, na kwa namna fulani alikuwa anakungojea kulaaniwa kama mtu anavyongojea mvua.

"Uliniambia anaumwa," mzee alisema.

"Nilikudanganya, baba. Naomba unisamehe."

"Haumwi."

"Haumwi."

"Usingizi anapata?"

"Saa nane nzima, bila kuamka."

"Anakula?"

"Anakula vizuri."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akaweka chupa ya asali sakafuni kati ya miguu yake. "Mimi naamka saa tisa usiku," alisema. "Nautafuta mguu wa Kissa. Kisha nakaa mpaka kuche, na kukicha siku haiishi, Asajile. Sikujua mchana una urefu ule. Zamani mtu akifiwa nyumba ilijaa, hupati hata nafasi ya kulia vizuri, huyu anakuletea uji, huyu anagombana na yule juu ya kuni. Nilikuwa naona kero." Akaitazama simu ya Asajile. "Fomu zenu ziko hapo kwenye simu, au mpaka twende ofisini?"

Asajile aliibana simu kiganjani. "Baba, subiri. Huu ni mwezi wa kwanza. Inapungua yenyewe. Nitakuja kukaa nawe, nitakuja kila siku."

"Ulikuja?"

Jikoni maji yalikuwa yanachemka.

"Sikuja," Asajile alisema.

"Sikulaumu. Hata mimi, mradi nisihamishwe, sikuona vibaya wewe kutia sahihi ya mama yako. Kissa ndiye aliyesema hataki kufia tambarare, si wewe. Nilikuwa nimerudi kumchukua, nikamsikia nikiwa nje." Alinyoosha mkono, kiganja kigumu, chenye makovu ya nyuki, akaugusa mkono wa Asajile ulioshika simu. "Mzigo wa watu hamsini nimeachiwa mtu mmoja. Siuwezi. Fungua."

Angeweza kukataa. Sheria ilimruhusu mshauri wa wasaa kama yeye kuahirisha ombi kwa siku sitini. Alizihesabu zile siku sitini, akajiona ndani yake, akijua sasa jinsi yeye alivyo: bwawa kwanza, matembezi kwanza, kisha jua limekwisha. Na mzee dirishani, anaangalia njia. Akaifungua fomu. Aliandika jina, umri, kata. Akafika sehemu ya tatu, akasita.

"Hapa wanataka nitaje kitu chenyewe," alisema. "Hamu ya nini."

"Andika Kissa."

Mama yake alikuja na chai, akaweka vikombe vitatu mezani kwa uangalifu, akakaa kati yao akitabasamu. Asajile alianza kuandika. Mzee aliinama karibu na kioo cha simu, akifuata herufi moja moja, kama anayehakiki jina kwenye msalaba.

"S mbili," alisema Mzee Ambakisye. "Usikosee. Jina lake lina S mbili."